Riakta ya Kuchujia kwa Tangi la Maji ya Bahari: Mwongozo Kamili wa Kuifunga Nyumbani

Mwani wa nywele umeota juu ya mawe. Kioo unakisugua leo, keshokutwa kimekuwa kijani tena. Maji ukiyatazama kwa ubavuni yana rangi ya chai nyepesi. Ukiwaeleza wenzako wanaofuga samaki wa baharini, wengi watakujibu kwa maneno mawili: funga riakta.

Ushauri huo ni mzuri, ila mara nyingi unaishia hapo. Mtu ananunua kifaa, anamwaga pakiti nzima ya chenga za kuchujia, anawasha pampu, na wiki moja baadaye anauliza kwa nini matumbawe yake yamepauka.

Hilo lilinipata mimi. Tangi langu la kwanza hapa Mombasa, la lita kama 200, lilikuwa na fosfeti, kirutubisho kinachokuza mwani, ya miligramu 0.4 kwa lita. Nikatia kiasi kamili kilichoandikwa kwenye pakiti, na siku nne baadaye kipimo kikasoma sifuri. Nikafurahi. Siku ya saba ncha za tumbawe la matawi zikaanza kuwa nyeupe, kisha nyama ikaanza kubanduka kutoka chini kwenda juu, na nikapoteza vichaka vitatu nilivyovilea zaidi ya mwaka mzima. Sijalisahau tangi lile. Tangu siku hizo naanza na kidogo, napitisha maji polepole, na sibadilishi kitu kabla ya kupima. Yote yaliyomo humu yametoka kwenye funzo hilo.

Mtungi huu unafanya nini

Riakta ni mtungi mwembamba wa plastiki wenye kuonyesha ndani. Pampu ndogo inasukuma maji ya tangi, yanaingia chini ya mtungi, yanapanda katikati ya chenga za kuchujia, yanatokea juu na kurudi tangini. Chenga hizohizo ungeweza kuzitia kwenye kifuko cha wavu ukakining'iniza kwenye tangi la chini, lile la vifaa linalokaa chini ya tangi kuu, lakini maji hufuata njia nyepesi, kwa hiyo mengi yangepita kando ya kifuko. Ndani ya mtungi hayana pa kukwepea. Ndiyo maana chenga kidogo ndani ya riakta hufanya kazi kubwa kuliko nyingi ndani ya kifuko, na ndiyo maana pia kosa dogo la kipimo huonekana haraka.

Kinachotiwa ndani hutofautiana. Cha kwanza ni chenga za oksidi ya chuma, ambazo madukani huuzwa kwa herufi GFO. Zina rangi ya kutu, na fosfeti hunata juu ya uso wake. Chenga za namna hii zinatumika pia kuondoa aseniki kwenye maji ya kunywa. Cha pili ni makaa amilifu, yanayoondoa umanjano, harufu, na sumu ambazo matumbawe laini huzitoa kupigana na majirani zao. Cha tatu ni vidonge vya plastiki inayoliwa na bakteria, ambavyo hupunguza naitreti (kirutubisho kingine cha mwani) zaidi kuliko fosfeti. Ipo pia riakta ya kalsiamu, inayotumia gesi ya kaboni dioksidi kuyeyusha changarawe za matumbawe, lakini hiyo ni mashine ya kazi nyingine na sitaigusa hapa.

Neno kuhusu makaa, kwa sababu ni swali ninaloulizwa mara nyingi Pwani. Makaa amilifu mazuri hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, na sisi vifuu tunavyo tele. Je, mtu hawezi kuchoma vifuu vyake mwenyewe akatumia? Hapana. Makaa ya kawaida hayana vile vitundu vidogo visivyohesabika vinavyonasa uchafu. Vitundu hivyo hupatikana kwa kuyapitisha makaa kwenye mvuke au gesi kwa joto la kati ya nyuzi 800 na 1,000. Zaidi ya hapo, majivu yanayobaki kwenye makaa ya jikoni yana fosfeti na hupandisha pH. Utakuwa unatia kilekile unachotaka kukitoa.

Je, unaihitaji kweli?

Kabla ya kutoa pesa, pima. Kipimo cha fosfeti cha matone na kadi ya rangi kinatosha kukuambia kama kiwango kiko juu mno, ila kwa viwango vidogo macho hudanganyika. Mimi natumia kipimo cha kidijitali cha kampuni ya Hanna. Angalia tu kama chako kinasoma fosfeti au fosforasi. Kama kinasoma fosforasi kwa sehemu kwa bilioni, zidisha kwa 3.066 kisha gawa kwa 1,000 upate fosfeti. Kikisoma 20, fosfeti yako ni kama 0.06.

Kwa tangi la matumbawe mimi hulenga fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, na naitreti kati ya 2 na 10. Kama una samaki peke yao bila matumbawe, fosfeti ya 0.3 haiwadhuru. Hapo tatizo ni mwani tu, na kubadilisha maji na kupunguza chakula kutakusaidia kuliko mtungi wowote.

Fosfeti inatoka wapi? Karibu yote inatoka mkononi mwako. Chakula kikavu cha samaki huwa na fosforasi ya karibu asilimia 1 ya uzito wake. Gramu 1 ya chakula, basi, ina miligramu 10 za fosforasi, ambazo ni kama miligramu 30 za fosfeti. Zigawe kwa lita 200: gramu hiyo moja, ikiozea yote tangini, inapandisha fosfeti kwa 0.15. Sehemu fulani huingia kwenye miili ya samaki, nyingine hutolewa na skima, kifaa kinachotoa uchafu kwa mapovu, lakini hesabu inaonyesha kwamba anayemwaga chakula kwa kiganja atabadilisha chenga kila wiki bila kuona nafuu.

Maji mapya nayo yapime. Wengi wetu tunachota baharini, na bahari si moja kila mahali wala kila saa. Mzee mmoja mvuvi aliniona na madumu yangu jioni maji yakiwa yanakupwa, akaniambia, "Mwanangu, hayo yanatoka nyumbani kwa watu. Ngoja yajae." Alikuwa sahihi. Maji yanayokupwa huburuta uchafu wa mwambao, yanayojaa huleta maji ya kilindini. Chota upande wa bahari wazi, mbali na hori, bandari na mito, na wakati wa masika subiri hadi mvua itulie siku kadhaa. Ukiona chumvi haifiki 35 kwa elfu, hapo pana maji ya mvua au ya mto. Na ukienda pwani, chota maji tu. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968. Mawe na matumbawe hununuliwa kwa wenye kibali.

Vifaa vya kukusanya

Riakta za dukani zipo za aina nyingi, na za bei ya chini hufanya kazi sawa na za bei ghali mradi kifuniko kisivuje. Pasipopatikana, tumia nyumba ya chujio la maji ya kunywa la inchi 10, ile yenye mtungi unaoonyesha ndani. Ndani yake weka kikebe cha kujaza tena, ambacho huuzwa kwa wanaotengeneza mitambo ya maji. Katika nyumba hizi maji huingia pembeni, hushuka hadi chini, hupenya kwenye tundu za kikebe, hupanda kupitia chenga na kutokea katikati juu. Ndivyo tunavyotaka. Angalia mshale uliochorwa kwenye kifuniko usije ukafunga kinyume, maana maji yakishuka kutoka juu chenga hugandamana kama saruji.

Pamoja na mtungi utahitaji pampu ndogo ya kuzama ya lita 400 hadi 800 kwa saa, mpira laini wa mita mbili au tatu, koki ndogo ya plastiki, klipu za plastiki, sponji mbili za kukaa juu na chini ya chenga, mzani wa jikoni, jagi la lita moja, ndoo mbili na utepe mweupe wa mafundi bomba.

Hakikisha pampu imeandikwa volti 220–240 na hertzi 50. Pampu nyingi zinazoletwa na jamaa kutoka Marekani ni za volti 110–120, na ukiichomeka hapa itaungua siku hiyohiyo.

Kitu kingine: usiruhusu shaba wala viungio vya shaba ya njano kwenye njia ya maji, hata kimoja. Fundi bomba atakuletea kwa nia njema kwa sababu ni imara, lakini shaba ikiyeyuka kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe. Klipu za chuma nazo hushika kutu ndani ya miezi michache ya hewa ya chumvi, hata zile zinazodaiwa hazishiki.

Kufunga

Anza na mahali. Pahala bora ni ndani ya tangi la chini lenyewe, mtungi ukiwa umesimama kwenye sehemu isiyo na pampu kubwa. Ukivuja, maji yanarudi yalikotoka. Kama hauenei, usimamishe pembeni ndani ya beseni pana, na pampu ya riakta iweke juu ya kipande cha jiwe au kikombe cha plastiki ndani ya tangi la chini badala ya kuilaza sakafuni kabisa. Sababu yake ni hii: mpira ukichomoka usiku, pampu iliyoinuliwa itafyonza maji hadi usawa wake kisha itanyonya hewa, na utaamka na dimbwi dogo. Iliyo sakafuni itamaliza sehemu yote.

Maji ya kuingia yatoke sehemu iliyo baada ya skima, ambako yamekwisha kupungua uchafu mzito. Vika mdomo wa pampu sponji nyembamba. Mabaki ya chakula na vipande vya mwani vikiingia kwenye chenga, vitaoza humo.

Funga mpira kutoka pampu hadi koki, kutoka koki hadi mlango wa kuingilia, na mpira mwingine kutoka mlango wa kutokea hadi tangini. Koki iwe upande wa kuingia. Nimeona watu wengi wakiiweka upande wa kutoka kwa kuwa ni rahisi kuifikia, lakini ukiibana huko mtungi mzima unabaki na mgandamizo, na hapo ndipo oringi, ile pete ya raba ya kifuniko, inapoanza kulia matone. Ikikaa upande wa kuingia, mtungi unapumua. Zungusha utepe mara tano au sita kwenye nyuzi za viungio, kaza kwa mkono, kisha robo ya mzunguko tu kwa spana. Plastiki ikikazwa mno hupasuka, na ufa wake hauonekani hadi maji yatoke.

Oringi ipake grisi ya silikoni kidogo. Usipake mafuta ya mgando ya kujipaka mwilini, kwa sababu raba za aina nyingi huvimba yakizigusa.

Sasa usikimbilie tangini. Weka pampu ndani ya ndoo ya maji matamu, mpira wa kutokea urudi kwenye ndoo hiyohiyo, mtungi usimame juu ya gazeti kavu, na uache uzunguke usiku kucha bila chenga. Asubuhi gazeti litakuambia kila kitu. Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, nami nasisitiza isirukwe.

Waya wa pampu uache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kwenda kuchomekwa, ili tone linalotiririka juu ya waya lidondoke kwenye kona hiyo na lisifike kwenye umeme. Maji ya chumvi na umeme havina msamaha. Kama nyumba yako haina kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile ambacho mafundi hukiita ELCB, muite fundi akifunge kabla ya kuongeza pampu nyingine.

Kiasi cha chenga

Kwanza jua maji yako ni lita ngapi hasa. Zidisha urefu, upana na kimo cha maji kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Tangi la 100 kwa 45 kwa 45 linatoa lita 202, lakini mawe na mchanga hula sehemu, kisha tangi la chini linaongeza. Tuseme tumebaki na 200.

Kiasi kamili kinachotumiwa sana kwa GFO ni kama gramu 1 kwa kila lita, kutegemea aina. Soma pakiti yako, kwa kuwa zipo aina nzito zinazofanya kazi kwa nusu ya hapo. Wewe anza na robo. Kwa lita 200 ni gramu 50, zipimwe kwa mzani na si kwa kijiko, kwa sababu uzito wa kijiko hutofautiana sana kati ya aina na aina. Utaona safu ya chenga ni nyembamba ndani ya mtungi na utashawishika kuongeza. Usiongeze.

Zisuuze ndani ya ndoo kwa maji yaliyochujwa au maji ya tangi uliyokuwa unataka kuyamwaga. Koroga taratibu na umwage maji mekundu. Usizisugue viganjani kama mchele, zinavunjika na kuzaa vumbi jipya. Maji hayatakuwa meupe kabisa, na hilo si kosa.

Tia sponji ya chini, kisha chenga, kisha sponji ya juu huku ukiacha nafasi juu ya chenga. Funga. Mpira wa kutokea uelekeze kwenye ndoo tupu na uwashe pampu koki ikiwa imefunguliwa kidogo. Lita 5 hadi 10 za kwanza zitatoka na rangi ya kutu, zimwage. Yakitoka maangavu, inamisha mtungi huku na huku uondoe hewa iliyonasa, halafu ndipo mpira urudi tangini. Fidia maji uliyoyamwaga kwa maji mapya ya chumvi.

Mwendo wa maji

Chenga za chuma zinatakiwa zicheze. Fungua koki polepole hadi uso wa juu uanze kutetemeka, kama uji unapokaribia kuchemka, huku za chini zikiwa zimetulia. Zikiruka hadi kwenye sponji ya juu, zinasagana, na vumbi jekundu litaingia tangini. Zisipotikisika kabisa, maji yatatoboa mfereji mmoja katikati na kuacha zilizobaki bila kazi, na baada ya siku chache zitashikana kuwa donge.

Ukitaka namba, chukua jagi na saa. Hesabu sekunde za kujaza lita moja, kisha gawa 3,600 kwa sekunde hizo. Jagi likijaa kwa sekunde 24, unapitisha lita 150 kwa saa, na kwa mtungi wa inchi 10 wenye chenga chache hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Iandike. Namba hii ikishuka baada ya wiki mbili utajua sponji imeziba hata kabla ya kufungua kitu.

Wiki za mwanzo

Hapa ndipo tangi huokolewa au huharibiwa.

Pima fosfeti ya tangi kabla ya kuwasha, kisha kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili. Vilevile pima maji yanayotoka kwenye mpira wa riakta. Namba mbili hizo zikisomwa pamoja zinakueleza hali. Yanayotoka yakiwa chini sana kuliko ya tangi, chenga zinafanya kazi. Zikilingana, zimeshiba, zibadilishe.

Usishangae robo ya kwanza ikishiba kwa siku nne au tano, na fosfeti ya tangi ikabaki palepale. Mawe na mchanga wa asili ya matumbawe hunywa fosfeti kwa miezi na miaka, na ukiipunguza kwenye maji, vinaanza kuitoa. Ni kama leso mpya inayochuja: unaisuuza hadi maji yanakuwa meupe, ukiirudisha kwenye beseni lingine rangi inatoka tena. Wengi hufikia hatua hii wakadhani chenga ni mbovu, wakaongeza mara nne. Kisha mawe yanakwisha kutoa, na fosfeti inaporomoka kwa usiku mmoja. Badilisha robo kwa robo, hata kama ni mara tano mfululizo. Kwa tangi lenye matumbawe sipendi fosfeti ishuke zaidi ya 0.05 kwa wiki.

Kwa nini nasisitiza hivi? Baharini fosfeti iko chini sana, lakini tumbawe la baharini linapitiwa na viumbe vidogo vya kula usiku na mchana. Tangini hana kitu hicho. Ukimwondolea na fosfeti ya majini, vijimwani vya rangi ya kahawia vinavyoishi ndani ya nyama yake na kumlisha kwa mwanga vinakosa chakula, naye anapauka. Na maji yaliyofika sifuri kwa fosfeti na naitreti pamoja huwa shamba la dinoflajelati, ule utando wa kahawia wenye mapovu unaovutika kama kamasi. Huo ni mgumu kuuondoa kuliko mwani wa nywele mara kumi.

Pima na alkalini pia, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isishuke, unaopimwa kwa dKH. Maji ya bahari huwa na kama dKH 7. Matangi mengi huendeshwa kwenye 8 hadi 9. Chenga mpya zinaweza kuishusha kidogo, na palipo na alkalini ya juu chokaa hujiganda juu yake na kuzifanya donge. Tangi lenye fosfeti ndogo lisiendeshwe na alkalini ya 11 au 12, ncha za matumbawe huungua.

Fosfeti ikikaa ndani ya kiwango ulichotaka kwa wiki tatu, umepata kiasi chako. Kwangu mimi, kwa lita 200 zenye samaki sita, gramu 70 kila wiki tano zimetosha kwa muda mrefu. Ikishuka chini ya 0.03, punguza chenga, au washa riakta kwa siku chache tu kwa wiki na uimwage maji kila unapoizima. Kuizima mtungi ukiwa umejaa maji ni hatari, na hapo chini utaona sababu.

Makaa kwenye mtungi wa pili

Wapo wanaochanganya makaa na GFO ndani ya mtungi mmoja. Inawezekana, lakini makaa ni mepesi, hupanda juu, na huchoka kwa muda tofauti, kwa hiyo utakuwa unatupa kimoja kingali kizima. Napendelea mitungi miwili iliyofuatana, makaa mbele, GFO nyuma, ili makaa yapokee uchafu wa kwanza.

Makaa hayachezi. Yabane kwa sponji juu na chini yatulie kabisa, kwa sababu yakisuguana yanatoa vumbi jeusi, na vumbi la makaa limehusishwa na ugonjwa wa samaki aina ya kangaja unaowatoboa ngozi kichwani na kwenye mstari wa ubavuni. Yasuuze hadi maji yatoke maangavu, na usitumie maji ya bomba yenye klorini, kwani makaa yatainywa hiyo klorini na kupoteza sehemu ya nguvu yake kabla ya kazi.

Kwa lita 200, mililita 100 zinatosha kuanzia. Kama maji yalikuwa ya manjano sana, anza na nusu ya hapo na upunguze taa kwa siku kadhaa: umanjano ulikuwa unakinga mwanga, na ukitoweka ghafla matumbawe yanaungua kama mtu aliyetoka gizani saa sita mchana. Badilisha kila wiki tatu au nne.

Umeme ukikatika

Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki, kwa hiyo sehemu hii haimo. Kwetu ndiyo sehemu muhimu.

Pampu ikisimama, maji yaliyomo ndani ya mtungi hayana oksijeni mpya, lakini bakteria walioshika kwenye chenga wanaendelea kuvuta hewa. Dakika thelathini si kitu. Saa tano au sita kwenye joto la Pwani ni jambo lingine: maji humo yanakuwa mafu, na yakikaa zaidi hutoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, ambayo ni sumu kwa samaki. Umeme unarudi, pampu inawaka, na maji hayo yote yanaingia tangini kwa mkupuo.

Kwa hiyo, umeme ukipotea zaidi ya saa mbili, chomoa pampu ya riakta. Ukirudi, elekeza mpira wa kutokea kwenye ndoo, washa, mwaga lita tatu za kwanza, nusa. Yakinuka, fungua mtungi na uoshe chenga. Yasiponuka, rudisha mpira tangini. Punguza pia koki kabla ya kuwasha, kwa sababu chenga zilizolala hupanda kwa pamoja kama pistoni ndani ya injini na kugonga sponji ya juu. Kama una inveta, betri yake itumie kwa pampu ya kuzungusha maji ya tangi kuu. Riakta inaweza kusubiri, samaki hawawezi.

Na hii ndiyo sababu siwashauri wenye umeme wa kukatika-katika kutumia vile vidonge vya plastiki inayoliwa na bakteria. Kazi yake nzima ni kukuza bakteria wengi ndani ya mtungi. Vidonge hivyo vinahitaji mwendo mkali unaovizungusha muda wote, skima yenye nguvu karibu na mpira wa kutokea, na wiki nne hadi sita za kusubiri. Mtungi huo ukisimama usiku mmoja, asubuhi una kitu cha kutisha ndani. Ukivitaka kweli, hakikisha kwanza pampu yake iko kwenye inveta.

Matunzo

Kila unapobadilisha chenga, zima, funga koki, mwaga maji ya mtungi, toa kikebe. Chenga zilizotumika tupa kwenye taka. Usizitupe kwenye maua, zina chumvi. Utasikia kwamba GFO inaweza kuoshwa kwa soda kostiki ikatumika tena. Inawezekana kikemia, lakini soda kostiki inapofua macho, na kwenye nyumba yenye watoto mimi siiruhusu iingie.

Loweka kikebe, kifuniko na koki kwenye siki na maji, nusu kwa nusu, kwa saa moja, chokaa itabanduka. Pampu nayo ifungue, utoe sumaku yake na uisugue kwa mswaki. Sponji zikikamuliwa na bado zinanuka, weka mpya. Tazama oringi kwenye mwanga, na ukiona ufa hata mdogo, badilisha siku hiyo. Mimi huweka mbili za akiba kwenye droo. Ufunge tena, upitishe maji ya kwanza kwenye ndoo kama siku ya mwanzo, upime mwendo kwa jagi, kisha uandike tarehe, gramu ulizotia na fosfeti ya siku hiyo kwenye kipande cha tepu ukibandike ubavuni mwa mtungi, pale utakapokiona kila unapowalisha samaki.